Ruta ya Mama Pacha

Daktari alikuwa amesema maneno mafupi tu: "Mguu hatutaukata." Mama Pacha, akiwa nyumbani kwake mbele ya kompyuta, aliyageuza kuwa ishara kama alivyozoea. Katika lugha ya ishara anayoitumia, kukanusha huja mwishoni. Unaonyesha mguu, halafu unaonyesha kukata, kisha ndipo unatikisa kichwa na kupunga kiganja kusema hapana. Alionyesha mguu. Akaonyesha kukata, ukingo wa kiganja kimoja ukishuka juu ya mkono wa pili. Akapunga hapana. Lakini kwenye skrini iliyowekwa mbele ya mgonjwa kule hospitalini, ile hapana haikufika. Picha iliganda pale pale kiganja kilipotua.

Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima, kiziwi tangu utotoni, mshona mapazia, mwenye kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Aliutazama ule mkono uliosimama, akasubiri uendelee. Haukuendelea. Basi akachukua mkoba wake, akavaa kiatu kimoja, kingine akakishika mkononi, akatoka.

Mama Pacha hakuyaona hayo. Yeye alichokiona ni kile kiduara kinachozunguka katikati ya skrini, ambacho kwa miezi kadhaa kilikuwa kimemzoea kama ndugu. Alikimbilia sebuleni, akachomoa plagi ya ruta, kile chombo cha intaneti, akaichomeka tena, akasimama pale akizibembeleza taa ziwake. Picha iliporudi kiti cha mgonjwa kilikuwa kitupu, na daktari amesimama mlangoni akiangalia huku na huku ukumbini.

Muuguzi alimkuta mshona mapazia getini. Akajaribu kumweleza kwa namna yake: akamwonyesha mguu, akatikisa kichwa. Mgonjwa akaelewa kwamba mguu ndio basi tena. Ikabidi apigiwe simu binti yake atoke kazini kwake upande wa pili wa mji, maana ndiye aliyejua kuongea naye, na mpaka binti anafika yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi karibu siku nzima, akiuaga mguu wake.

Jioni msimamizi wa wakalimani alipiga simu. Si mtu wa maneno mengi.

"Dada, sikulaumu," alisema. "Lakini siwezi kukupangia zamu mpaka intaneti yako itengemae. Safari hii ulikuwa mguu."

Mama Pacha alijibu, "Sawa, nimekuelewa." Alipokata simu alibaki ameketi, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Mikono ile ilianza kazi mapema. Baba yake alikuwa seremala, kiziwi, na yeye ndiye mtoto pekee. Alijua kusema kitanda, msumari na njaa kwa vidole kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku mama yake alipolazwa na asiamke tena, daktari alikuja kwenye benchi walipokuwa wameketi, akamtazama baba, akaongea. Baba akamgeukia mtoto. Ishara ya kufa hakuijua, hakuna aliyekuwa amewahi kumfundisha. Akatumia ishara ya kuondoka. Baba akamuuliza, ameondoka kwenda wapi? Mtoto akamgeukia daktari, na daktari alikuwa ameshaondoka. Alipokuwa mtu mzima, watu wakimuuliza kwa nini hakuchagua kazi nyingine, hakuwasimulia hayo. Alisema tu kwamba mishahara ya benki haikumpendeza, wakacheka, yakaisha.

Kwa hiyo lile jambo la mshona mapazia halikumpita hivi hivi. Usingizi ulimpaa. Asubuhi aliamka na jambo moja kichwani: ruta ibadilishwe.

Ruta yenyewe ilikaa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na ilikuwa na umri wa kuheshimika. Mama mkwe wake, aliyeishi nao tangu alipofiwa, hakuipenda sura yake, akaishonea kitambaa cha kufuma, cheupe chenye pindo la waridi, akaifunika. Ikawa inapumua kwa shida humo ndani kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Mama Pacha alikiondoa kitambaa kila alipopita, na kila aliporudi alikikuta kimerudi.

"Mama, hiki chombo kinataka hewa," alimwambia.

"Na mimi nataka sebule ya watu," mama mkwe alijibu, wala hakunyanyua macho kwenye uzi wake.

Kitambaa kilipoondolewa moja kwa moja, tena kwa amri ya Baba Pacha, ruta iliendelea kukata vile vile. Taa moja ya kijani iliyopaswa kutulia ilikuwa inapepesa, inazima, inarudi. Baba Pacha, ambaye ni mwokaji kwenye kiwanda cha mikate na hurudi mchana na unga kwenye nyusi, alikuwa na dawa moja tu kwa kila kitu chenye umeme: zima, washa. Alizima, akawasha. Ikakaa vizuri mpaka alipomaliza kula.

Mama Pacha akaipigia simu kampuni ya intaneti. Akabonyeza moja, akabonyeza nne, akasikilizishwa muziki wa kinanda mpaka sikio likapata joto. Mwisho akaja mhudumu mwenye sauti ya maziwa.

"Mteja wetu mpendwa, kwa upande wetu tunaona mtambo wako uko hewani."

"Uko hewani sasa hivi. Subiri kidogo utauona ukishuka."

"Kwa sasa uko hewani, kwa hiyo hatuwezi kuuandika kuwa ni mbovu. Ila kama huridhiki nao, unaruhusiwa kununua ruta ya kwako."

"Ruta gani? Yoyote?"

"Yoyote yenye ubora, mpendwa."

Hayo maneno mawili, yenye ubora, ndiyo aliyoenda nayo dukani.

Duka lilikuwa chini ya jengo la ofisi, ukuta mzima maboksi yenye picha za mitambo myeusi, mingine imelala kama sahani, mingine imesimamisha antena kama mende aliyegeuzwa. Muuzaji alikuwa mchangamfu, mwenye fulana yenye nembo ya duka.

"Karibu mama. Ya nyumbani au ya ofisi?"

"Ya nyumbani, lakini ndiyo naifanyia kazi. Nafanya kazi ya video. Sitaki inayoganda."

"Chukua hii." Akashusha boksi kubwa kuliko yote. "Antena nane. Hii inapenya mpaka kwa jirani."

"Jirani sina shida naye. Shida yangu ni chumba cha nyuma. Kati ya ruta na mimi kuna kuta mbili, na moja ni nene sana."

"Basi ndiyo hii."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo ni ya kuangalia jumbe tu mama. Wewe umesema video."

Kila swali alilouliza lilizunguka na kurudi kwenye boksi lile lile. Aliuliza kuhusu kasi, akaambiwa antena. Aliuliza kuhusu joto, akaambiwa antena. Mwisho akauliza, "Mimi nina intaneti ya faiba. Inafanya kazi na faiba?"

"Faiba ndiyo yenyewe, mama."

Hakuwa anadanganya hasa, na hakuwa amejibu. Mama Pacha, ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha neno halipiti bila maana yake, aliliacha hilo likapita. Alikuwa amechoka na alitaka zamu zake. Alilipa bei ambayo si ya kuchezea, akabeba boksi kifuani mpaka nyumbani.

Baba Pacha alipoiona ikitolewa aliizunguka mara mbili. "Huyu ni buibui," alisema. Jina likakaa.

Waligeuza ruta ya zamani ili wahamishe waya. Nyuma yake mlikuwa mmeingia uzi mwembamba uliotokea ukutani, wenye kichwa cha plastiki ya kijani. Mama Pacha aliuchomoa taratibu, akamgeuza buibui, akatafuta pa kuuingiza. Kulikuwa na safu ya matundu ya mraba, yote makubwa kwa kichwa kile na hakuna hata moja lenye umbo lake.

"Labda liko chini," Baba Pacha alisema.

Wakamgeuza juu chini. Wakawasha tochi ya simu. Mama mkwe naye akasogea, akavaa miwani yake, akapitisha kidole pembeni kote kama anakagua kitenge dukani.

"Hana tundu," alitoa hukumu. "Mmeuziwa kipofu."

Mama Pacha akakaa sakafuni na kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Akasoma, akarudia. Akachukua simu, ambayo ilikuwa na vifurushi vyake, akatafuta huko maelezo ya watu waliokwisha kunaswa kabla yake. Polepole akaelewa. Mtambo wa zamani ulikuwa unafanya kazi mbili ndani ya boksi moja. Kwanza uliupokea ule mwanga unaokuja kwenye uzi wa faiba na kuugeuza kuwa intaneti, halafu ndio ukaigawa intaneti vyumbani. Buibui alijua kugawa tu. Alikuwa na mikono minane na hana cha kugawa.

"Kwa hiyo hafai," mumewe alisema.

"Anafaa. Ila hawezi peke yake."

"Mama Pacha, kitu kisichoweza peke yake, na kimelipiwa, mimi nakiita hakifai."

Kesho yake Mama Pacha alimrudisha buibui dukani. Muuzaji alimpokea vizuri kama mara ya kwanza, akafungua boksi, akakagua kila pembe.

"Imeshafunguliwa, mama. Na haina kasoro yoyote."

"Najua haina kasoro. Mimi ndiye sina pa kuichomeka. Nilikuuliza kama inafanya kazi na faiba."

"Inafanya, mama. Ukishakuwa na kifaa cha kubadilisha."

"Hicho kifaa hukukitaja."

"Hukuuliza, mama."

Alimtazama kwa muda. Kuna ishara moja, ya mkono mmoja tu, ambayo baba yake aliwatumia wateja walioondoka na meza bila kulipa. Vidole vyake vilianza kuipanga, akavikunja, akambeba buibui wake, akatoka.

Sasa ndipo danadana zikaanza kwa kweli. Jibu alilohitaji kutoka kwa kampuni lilikuwa moja: je, mtambo wao wa zamani unaweza kuambiwa uache kugawa, ubaki kupokea na kupitisha tu, ili buibui afanye kugawa? Mhudumu wa kwanza alimwambia jambo hilo haliwezekani. Wa pili akamwambia linawezekana, lakini kwa wateja wa ofisi tu. Wa tatu akamwambia linawezekana kwa yeyote, ila litahitaji jina la kuingilia na nenosiri la laini yake, na hayo ni siri.

"Siri ya nani?" Mama Pacha aliuliza.

"Ya kampuni, mpendwa."

"Laini ni ya nyumbani kwangu, na siri ni ya kwenu."

"Ndiyo, kwa usalama wako."

Alishusha simu. Mama mkwe, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni, alimwangalia. "Mwanangu, unaongea na hao watu kwa upole mno. Nipe mimi." Akampa kweli. Mama mkwe aliwagombeza kwa muda mrefu, kwa utaratibu, kuanzia malezi yao mpaka muziki wao wa kinanda. Aliporudisha simu alisema ameahidiwa fundi. Lini? Hilo hakuuliza, alisema, maana alikuwa ameshawaka na hakutaka kupoa.

Siku zikapita bila fundi. Mtambo wa zamani ukaendelea kupanda na kushuka. Mama Pacha alifua mapazia yasiyo machafu. Alipanga upya kabati. Kila simu ikilia alidhani ni msimamizi anamwambia nafasi yake amepewa mwingine.

Kisha akasikia kwamba mshona mapazia anarudi hospitalini kusafishwa kidonda. Akampigia msimamizi.

"Niruhusu niende mwenyewe. Kwa miguu yangu. Sihitaji intaneti."

Msimamizi alimtahadharisha. "Anaweza kukukataa."

"Akinikataa nitarudi."

Alimkuta ukumbini, mguu umenyooshwa juu ya kiti cha pili, umefungwa bandeji safi. Yule mama alimtambua mara moja. Hakusalimia. Aliinua mkono, akaigiza ishara ya kukata, akauacha pale pale juu ya mkono wa pili, bila kutikisika, huku akimtazama Mama Pacha usoni. Aliuacha muda mrefu. Watu waliokuwa wameketi karibu wakaanza kuangalia.

"Hivi ndivyo ulivyokaa," alisema alipoushusha, kwa ishara kubwa za hasira. "Hivi. Na uso wako ulikuwa umetulia."

"Nilikuwa nimeshasema hapana," Mama Pacha alijibu kwa mikono. "Haikukufikia. Mashine yangu ilikufa."

"Mashine yako haikunijia usiku ndotoni. Ulikuja wewe."

Mama Pacha aliomba radhi, akarudia, akanyamaza. Yaani, akaiweka mikono chini. Mshona mapazia akamwangalia hivyo, halafu akamgusa goti ili amtazame tena.

"Ukiongea na mimi kwenye ile skrini, anza na hapana. Kabla ya mguu, kabla ya kukata. Hapana ije kwanza."

"Si lugha nzuri hivyo. Itakuwa kama mtu asiyejua kuongea."

"Mimi nitaelewa. Uzuri utaniletea nikishapona."

Walipoingia kwa daktari alifanya alivyoombwa. Kila palipokuwa na hapana aliitanguliza, na kila mara mwili wake ulikataa kidogo, kama mtu anayeambiwa avae shati nyuma mbele. Kidonda kilikuwa kinaanza kufunga. Hiyo ndiyo habari aliyoitafsiri kwa furaha zaidi, na haikuwa na hapana ndani yake.

Fundi wa kampuni alifika wakati hakuna aliyekuwa bado anamtarajia. Aliingia, akakubali maji, akafungua kompyuta yake ndogo, akaandika hiki na kile, akauchukua waya mmoja mfupi na kuunganisha mtambo wa zamani na buibui. Chai aliyowekewa na mama mkwe ilikuwa bado haijapoa kiasi cha kunyweka alipofunga mkoba.

"Tayari," alisema. "Mngesema mapema."

Mama mkwe alivua miwani. Baba Pacha akamwahi, akamsindikiza fundi mpaka nje kwa usalama wake.

Sebuleni intaneti ikawa moto. Jikoni pia, mama mkwe akaanza kufuata tamthilia zake huku sufuria ikichemka. Lakini Mama Pacha alipofunga mlango wa chumba cha nyuma na kumpigia msimamizi kwa video ili amthibitishie, picha ilikwenda vizuri kidogo, kisha uso wa msimamizi ukavunjika vipande vipande, mdomo ukabaki wazi. Zile antena nane, ambazo zilipenya mpaka kwa jirani, zilikuwa zimeshindwa na ukuta mnene wa nyumba yake mwenyewe.

Alikwenda akasimama mbele ya ukuta ule. Aliuegemea kwa kiganja. Kisha akamwita mumewe.

"Baba Pacha, toboa hapa."

"Nitoboe ukuta?"

"Nataka waya. Kutoka kwa buibui mpaka kwenye kompyuta yangu. Sitaki tena kitu cha hewani."

"Kumbe ulihitaji waya tu siku zote, na sisi tukanunua antena."

"Toboa, tafadhali. Usiniambie."

Alitoboa. Kutoboa kwenyewe kulichukua mchana wote, maana ukuta ule ulijengwa na mtu aliyeogopa vita, na vumbi lilituama juu ya kila kitu, pamoja na kitambaa cha kufuma ambacho kilikuwa kimehamia juu ya redio. Mama mkwe aliupinga waya uliopita kwenye korido, akasema utamvunja nyonga, na hakunyamaza mpaka ulipopigiliwa juu, kando ya dari. Hata hivyo kila alipopita chini yake aliutazama kama jirani asiyemwamini.

Msimamizi alipopigiwa tena alimwomba Mama Pacha aonyeshe ishara haraka haraka, akamfanya aendelee na kuendelea, mpaka mwenyewe akaridhika. "Haigandi," alisema. "Nitakupa zamu ya asubuhi."

Asubuhi hiyo alivaa shati lake jeusi lisilo na maua, ili vidole vionekane, akaketi mbele ya kompyuta iliyofungwa waya kama mbuzi. Wa kwanza alikuwa baba kijana, kiziwi, na mtoto mchanga mikononi, anayeelezwa jinsi ya kumpa dawa ya matone. Hakuwa na mkono wa kujibu, kwa hiyo alijibu kwa nyusi na kidevu, na Mama Pacha alimsoma bila kupoteza hata unyusi mmoja. Walipoagana alijikuta mabega yanauma. Alikuwa ameyakaza muda wote, akikingojea kile kiduara.

Simu yake ikatikisika. Ulikuwa ujumbe kutoka kampuni ya intaneti, unamwomba apime huduma ya fundi kwa tarakimu, moja mpaka tano, moja ikiwa mbaya kabisa. Mama Pacha alianza kuandika. Aliandika kuhusu wahudumu watatu na majibu matatu, kuhusu siri na usalama, kuhusu mngesema mapema. Aliandika mpaka kidole gumba kikachoka, akatuma. Ukarudi ujumbe kwamba jibu lake halikueleweka, atume tarakimu moja tu.

Akatuma moja.

"Asante kwa kufurahia huduma zetu," simu ilimjibu.

Aliusoma ujumbe mara mbili, akailaza simu kifudifudi mezani. Kwenye kompyuta mgonjwa wa pili alikuwa ameshaingia, amekaa, anasubiri, na daktari alikuwa anaanza kuongea.